Upande wa Kulia Umekaa Kimya

7 Februari

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo nyingine ya zile siku zote nilizokosa kukusikia. Mimi ni mzima, ukiondoa mafua ya huku ambayo yakikuingia yanapanga chumba. Nimehamia nyumba nyingine, karibu na ofisi. Dirisha linatazamana na ukuta wa jirani, kwa hiyo usinionee wivu.

Simu yako ina nini? Mara inaita mpaka inakata, mara imezimwa kabisa, na sasa ni wiki ya nne. Ndiyo maana nimenunua bahasha, kitu ambacho sijakifanya tangu nikiwa shule ya bweni.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Unajua kampuni yetu inatengeneza mashine za gemu, zile za kuchomeka kwenye televisheni. Shida ni kwamba wanaozinunua ni wale wale, vijana wa kiume. Wakioa, wanaziacha. Mama zao hawazigusi, baba zao hawazigusi, na nusu ya dada zao wanaziona ni kelele tu. Kitengo chetu kimeundwa kuwatafuta hao wasiocheza na kuwauliza kwa nini. Kila mmoja wetu ameambiwa achague nyumba moja ambayo mashine haijawahi kuingia. Mimi nimekuchagua wewe.

Sanduku liko njiani. Cheza hata nusu saa kwa siku, kisha niandikie ukweli, usinionee haya. Hakuna kingine kinachotakiwa kwako.

Wako,
Maswali

2 Machi

Mwanangu Maswali,

Marahaba, zote mbili. Hapa tuko salama. Karakana inaendelea, cherehani zote mbili zinazunguka, na fundi viatu wa mlango wa pili bado anagonga misumari kana kwamba viatu vimemkosea. Simu ilitumbukia kwenye ndoo ya maji. Usihangaike kunitumia nyingine. Barua zinanitosha, barua haimkatizi mtu maneno.

Sanduku limefika Jumatatu. Aliyelichomeka ni Karani, yule mstaafu wa mahakama aliyepanga chumba changu cha nyuma tangu mwaka jana. Nilimwambia aliweke mbali na vitambaa vya wateja, maana kitu kinachobaki na taa nyekundu hata kikiwa kimezimwa, mimi sikiamini.

Kwanza nikuulize wewe, mwenye jina la maswali. Tangu lini muuzaji akakupa mali, akaisafirisha mwenyewe, halafu akakuomba uiseme vibaya? Nimeshona miaka thelathini na nne. Mteja akiingia na zawadi mkononi, ujue koti lake analitaka kesho.

Haya, ukweli uliouomba. Kile kidude cha kushikia kina vifungo kumi na saba. Nimevihesabu. Hata koti la jenerali halina vifungo hivyo. Karani naye akasema, "Kumi na saba! Mimi nimeandika hukumu za wezi wa ng'ombe zenye vifungo vichache kuliko hapo." Tukacheka.

Mchezo wa kwanza ni wa bunduki. Niliuawa mara tisa kabla chai haijapoa. Mtu ameshinda kazini, mgongo unamuuma, halafu akae chini ili auawe? Mchezo wa magari nao nilikaa nimeshika usukani, wenzangu wote wakaondoka, langu halikuondoka. Mwendo wa gari unatoka mguuni, kila anayeendesha gari na kila anayeshona analijua hilo. Ni nani huyo aliyeuhamishia kwenye kidole gumba? Wa bustani una nafuu. Unatembea, unamwagilia, hakuna anayekufukuza.

Nimemaliza. Kula vizuri.

Shangazi yako

21 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo. Barua yako imenifikia Ijumaa na nimeisoma nikiwa nimesimama kwenye ngazi, begi bado begani. Mafua yameondoka. Kiti cha jirani yangu ofisini kimebaki kitupu, amehamishiwa kwingine, na hakuna aliyetuambia kwa nini.

Ile ya jenerali na ile ya wezi wa ng'ombe zimemchekesha Bosi mpaka akavua miwani. La mguu hakulicheka. Aliliandika kwenye kijitabu chake na kulipigia mstari. Nimefurahi pia kwamba umeipenda bustani. Jumanne iliyopita uliikalia saa mbili na nusu mfululizo, hiyo ni rekodi!

Sasa na mimi nina langu. Mwandiko wa barua ile si wako. Mwandiko wako naujua tangu ulipokuwa ukiandika majina ya wateja kwenye vipande vya kitambaa, herufi zimelala kama nyasi zilizopigwa na upepo. Huu umesimama wima kama askari wa gwaride. Ni Karani, siyo? Simfahamu mtu huyo. Anakuandikia, anakusomea, anapokea mizigo yako, anaichomeka. Mtu akishika kalamu yako na mlango wako, wewe umebaki na nini? Sisemi ni mbaya. Nauliza tu.

Niandikie kwa mkono wako, hata mstari mmoja.

Maswali

14 Aprili

Maswali,

Marahaba. Tumeamka.

Barua yako nimesomewa mara tatu. Mara ya kwanza niliisikiliza kama shangazi. Mara ya pili niliisikiliza kama mtu aliyekuta mlango wake wazi ilhali aliufunga.

Nani amekwambia habari ya Jumanne?

Mimi sikukwambia. Barua yangu ni ya tarehe mbili, Jumanne unayoitaja ni ya kumi na saba. Saa mbili na nusu, hata nusu hukuiacha! Nilimgeukia Karani. Nikamwambia, "Wewe ndiye unayemwandikia mwanangu kwa siri." Akaapa. Sikumwamini. Siku iliyofuata nilimtamkia barua ya uongo, kisha nikaichukua kimyakimya mpaka kwa fundi viatu anisomee alichoandika. Kilikuwa neno kwa neno, hata nukta zilikuwa mahali pake. Nilirudi nyumbani nimeona aibu, nikamwomba radhi mzee wa watu, na tangu siku hiyo ananisalimia kwa mbali kidogo.

Kwa hiyo si yeye. Aliyebaki ni yule mwenye taa nyekundu. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi ndiye niliyemfungulia sanduku. Nimemchomoa, nimemfunika gunia la mabaki ya vitambaa, nimemgeuza uso ukutani. Sasa na atazame chokaa.

Tena Bosi wako alichekeaje barua yangu? Ilikuwa na jina lake juu ya bahasha?

La mwandiko halina maana. Macho yamechoka, na Karani ana mwandiko wa mahakama. Usitafute mchawi.

Shangazi yako

9 Mei

Shangazi yangu,

Shikamoo. Najua huenda usiitikie, ila naitoa.

Nimeanza barua hii mara nne. Kweli, mashine inapeleka taarifa, kwa kadi ya mtandao tuliyoichomeka ndani yake. Haina jicho wala sikio, naapa kwa kaburi la baba. Inachoandika ni saa ulipoiwasha, mchezo uliocheza, na kila kifungo kilichobonyezwa. Taarifa zinakuja kwenye meza yangu kila asubuhi, mistari mitupu ya tarakimu. Imeelezwa kwenye karatasi iliyokuwa chini kabisa ya sanduku, kwa herufi za ukubwa wa chawa. Nilijua usingeisoma. Sikukwambia kwa sababu mtu akijua anatazamwa anacheza vingine. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa kusema. Nikiisoma sasa naona haya.

Na barua yako niliisoma mbele ya watu. Hilo nalo nilikuficha.

Ila, Shangazi, tarakimu hizo zimeniambia jambo ambalo wewe hujaniambia.

Kidude kile, sisi tunakiita padi, kina upande wa kushoto na upande wa kulia. Kwa wiki nne za kwanza upande wa kulia umekaa kimya. Hakuna kifungo hata kimoja. Mtoto wa miaka miwili akipewa padi anabonyeza pande zote, hata paka akiikanyaga anabonyeza pande zote. Wiki ya tano kikaanza kitu cha ajabu: vifungo viwili vya kulia vinabonyezwa kwa pamoja, taratibu, kwa uzito, vinaachiwa, vinabonyezwa tena. Hakuna kidole kinachobonyeza hivyo. Ni kama mtu anakanyaga. Na gari lako likaanza kutembea.

Nimeiweka karatasi hiyo ya tarakimu pamoja na simu iliyotumbukia kwenye ndoo, na mwandiko usio wako.

Shangazi, mkono wako wa kulia uko wapi?

Maswali

20 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Wiki sita zimepita. Kila asubuhi nafungua sanduku la barua pale chini, mlinzi ananitikisia kichwa kabla sijalifikia.

Mashine haijawashwa tangu Aprili. Nilidhani ningefurahi kutokujua, kumbe kutokujua nako ni mateso. Umenikasirikia, au kuna mtu anazizuia barua zangu? Kama ni Karani anayeisoma hii, basi wewe mzee nisikilize: nitakuja. Nitaomba ruhusa, na wakininyima nitakuja bila ruhusa.

Ikifika mwisho wa mwezi ujao sijapata neno, nafunga mizigo.

Maswali

6 Julai

Maswali

usije.

Naandika mwenyewe, kwa mkono wa kushoto. Mstari mmoja unanila dakika tano. Karani yuko hapa, ananinolea penseli tu. Hajazuia barua yoyote. Mimi ndiye niliyezizuia, nilikalia bahasha zako mbili kama kuku.

Ilikuwa Alhamisi ya Januari. Nilikuwa nakata suruali ya bwana arusi. Mkasi ulianguka. Nikauambia mkono uokote, haukusikia. Nikataka kumwita Karani, mdomo ukatoa kitu kingine. Alinikuta sakafuni. Ni kiharusi. Mkono wa kulia umelala mpaka leo, mguu unaburuta kidogo, mdomo umepinda na maneno yanatoka kama ya mlevi. Simu haikuanguka kwenye ndoo. Niliifungia kabatini. Ungenisikia neno moja tu ungejua.

Usiniulize kwa nini nilificha, unajua. Baba yako alipougua uliacha masomo miaka miwili, ukamlisha kwa kijiko. Ndugu yangu alikwenda akiwa na deni lako ambalo hakuweza kulilipa, na alilia kwa ajili hiyo. Wewe hukumwona. Mimi nilimwona. Nilijiapiza kwamba mimi sitakuwa wa pili.

Cherehani moja inazungushwa na mama niliyemwajiri. Ya pili ni ile ya zamani, ya kukanyaga. Ndiyo niliyofungia kidude chako. Tulikikaza mezani, tukalaza rula juu ya vile vifungo viwili, tukafunga kamba kwenye rula, ikapita kwenye tundu la mkanda mpaka chini kwenye pedali. Nikikanyaga kwa mguu wa kushoto, rula inashuka, gari linakwenda. Siku lilipokwenda nilipiga kelele. Karani alidhani nimeanguka tena.

Sasa yangu umeipata. Zamu yako. Bosi anayepigia mstari maneno ya fundi nguo, na kiti kilichobaki kitupu. Unaficha nini?

Shangazi

28 Julai

Shangazi yangu,

Shikamoo, na pole. Pole ya miezi sita niliyochelewa. Barua yako nimeisoma nimekaa chini kwenye korido, watu wakanirukaruka.

Nimesikia uliponiambia nisije. Sitabishana leo. Ila ndugu asiye na mikono miwili anapata haki ya kusaidiwa, hapati haki ya kuficha, na mficha maradhi unajua mwisho wake. Unaenda kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo? Nijibu hilo kabla ya yote.

Zamu yangu, bila kona.

Kitengo chetu kinafungwa Septemba kama hatutaonyesha kitu. Tulikuwa tisa, tumebaki watano. Barua zako ndizo zilizotubakiza. Nimezisoma mikutanoni zote isipokuwa hii ya mkono wa kushoto. Maneno yako yamebandikwa ukutani kwa herufi kubwa, na chini yake wameandika "Bibi Mshonaji". Kila asubuhi napita hapo nikitazama viatu vyangu.

Mafundi wetu wametengeneza pedali ya mfano. Ile sentensi yako ya mguu ndiyo iliyoianzisha.

La mwisho ndilo zito. Sikumwambia mtu yeyote kuhusu mkono wako. Lakini Bosi naye anapata zile tarakimu, na ana akili. Alikuja mezani kwangu akasema, "Huyu shangazi yako amepooza upande mmoja, siyo?" Akasema, "Hii ni hadithi kubwa. Tutume wapiga picha. Watu waone ule mkono, kisha waone ule mguu. Dunia nzima italia, halafu itanunua."

Nilitaka kukuandikia kwamba nilimwambia nitakuuliza kwanza. Sikumwambia hivyo. Nilisema sawa.

Wapiga picha wanafika kwako tarehe mbili Septemba. Bado unaweza kuwafungia mlango. Ukinifungia na mimi, nitaelewa.

Maswali

5 Septemba

Maswali,

Marahaba. Anaandika Karani, maana haya ni marefu. Amesema nikuambie kwamba yeye si "wewe mzee", ana miaka sitini na tatu. Mazoezi ya viungo nimeanza, mara mbili kwa wiki.

Walikuja watatu: mwanamke wa kamera, mwanamume wa taa, na fundi wenu mwembamba aliyebeba pedali kama anabeba yai. Sikuwafungia mlango. Mlango wa fundi nguo haufungwi kwa mteja, hata mteja mwizi.

Yule wa kamera akaniambia kwa sauti ya hospitali, "Mama, tungependa uuweke mkono wako hapa, kwenye mwanga."

Nikamwambia, "Mkono huu umepumzika. Mkitaka picha, anzeni na mimi nikiwa nimewafunga."

Hakunielewa. Nikamwita mama wa cherehani, akachukua utepe wa kupimia, tukamfunga kila mmoja mkono wa kulia kiunoni. Nikaitoa mashine guniani, nikawapa padi walizokuja nazo. Wote watatu, watu wa kampuni yenyewe! Wa taa aliligonga gari ukutani papo hapo. Wa kamera gari lake lilibaki pale pale, kama langu la kwanza, akawa analitukana kwa lugha yake. Mimi nikakaa kwenye cherehani yangu ya zamani, nikakanyaga, nikawazunguka mara mbili. Fundi viatu alikuja kusimama mlangoni, akaacha kugonga misumari. Hilo halijawahi kutokea.

Yule fundi mwembamba hakucheka. Alipiga magoti akaitazama ile kamba na rula, akasema polepole, "Pedali yetu ni nyepesi."

Nikamwambia, "Nyepesi mno. Pedali lazima iume kidogo, mguu ujue umefika. Na mguu wa mtu mzima unatetemeka, yenu itadhani kila mtetemeko ni amri." Akaandika. Tukashinda siku nzima, yeye na mimi. Huyo mtunzeni.

Jioni nikamwambia yule wa kamera maneno ya kumpelekea Bosi, nawe yasome mkutanoni ukitaka, haya nimeyatoa mwenyewe. Ninyi mmeshona suti moja, ya kijana mmoja, mwembamba, mwenye mikono miwili na muda mwingi, mkaitundika dirishani, kisha mnashangaa kwamba watu wengine hawavai. Mnatafuta tangazo la kuwaliza ili waingie ndani ya suti ile ile. Pimeni watu. Kuna mwenye bega moja juu, kuna mwenye tumbo, kuna anayenyonyesha na ana mkono mmoja tu mpaka mtoto alale. Wote wanapenda kushinda, na wote wanapenda kucheka.

Wameondoka na picha ya mguu wangu na kiatu chake. Mkono hawakuupata.

Sasa yako, na hii ni yako peke yako. Mteja anapoingia kwangu, kabla sijamgusa bega namwambia, "Naomba nikupime." Miaka thelathini na nne, hata kwa watoto. Wewe ulikulia chini ya meza yangu, umeyasikia maneno hayo mara elfu. Ukanipima bila kuniambia. Ukapima hata pale palipouma. Halafu ukasema sawa.

Sijakufungia mlango. Ila usitegemee nikufungulie kwa haraka. Nitakuwa natazama kwanza dirishani.

Shangazi yako

10 Oktoba

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nimeipokea, na nimeistahili.

Niliyasoma maneno ya suti mkutanoni. Kabla ya hapo nilisimama nikawaambia kwamba maneno yale ni ya shangazi yangu, kwamba hakuwahi kuulizwa, na kwamba nayatoa ukutani. Nikabandua karatasi moja moja, na chumba kizima kikawa kinasikiliza zinavyochanika pembeni. Bosi alisema nimechagua siku mbaya ya kuwa na dhamiri. Labda.

Matokeo ni haya. Pedali itatengenezwa, ile inayouma. Fundi mwembamba amekataa katakata kuibadilisha kwa kuwapendeza wauzaji. Tangazo la kuliza watu limefutwa kwa sababu picha hazikutosha. La taarifa tumegombana wiki mbili. Mashine mpya itauliza mtu kabla ya kupeleka chochote, kwa herufi kubwa, ndiyo au hapana. Niliomba zile ambazo tayari ziko nyumbani kwa watu nazo ziache kupeleka taarifa mpaka wenyewe waulizwe. Hilo wamelikataa. Kwa hiyo sikudanganyi kwamba tumeshinda.

Kitengo hakijafungwa, kimeunganishwa na kingine, chini ya bosi mpya. Mimi nimetolewa kwenye meza ya tarakimu nikapelekwa kujaribu pedali. Sijui kama nimepandishwa au nimesogezwa pembeni. Watu wananipongeza huku wakitazama mlango.

Ndani ya bahasha hii utazikuta barua zako. Hesabu, najua utahesabu. Ile ya mkono wa kushoto haimo. Hiyo sijaisomea mtu, na nimebaki nayo. Ukiitaka nitairudisha.

Sikuombi uniamini. Nakuomba uendelee kuniandikia.

Maswali

22 Novemba

Mwanangu,

Marahaba. Naandika mwenyewe, sasa mstari unanila dakika mbili. Tu wazima. Karani ana kikohozi na anakikataa. Mama wa cherehani ameshona koti lake la kwanza bila mimi kulifumua.

Nimezihesabu. Ni sawa. Ile moja kaa nayo.

Nataka kukueleza jambo. Kule kwenye mazoezi ya viungo tuko sita, tunakaa kwenye viti vya plastiki tukikamua mipira kama watu wanaokamua machungwa yasiyo na maji. Mtaalamu ni binti mchangamfu, anaimba anapohesabu, ila sisi hatuchangamki. Nikamwomba nilete mashine. Kabla ya kuiwasha nilisimama mbele yao na mdomo wangu huu uliopinda, nikawaambia wazi: kitu hiki kinaandika mnachobonyeza na kukipeleka mbali, asiyetaka asicheze. Wawili wakakataa. Baadaye Karani akagundua kwamba ukichomoa ile kadi ya mtandao hakipeleki kitu. Tukachomoa. Wote sita wakacheza. Mwambie hilo Bosi wako mpya, linamhusu kuliko yote niliyowahi kukuandikia.

Yuko mmoja alikuwa dereva wa lori. Kiharusi kilimkamata mwezi wa nne, na tangu siku hiyo hajatamka neno. Daktari anasema ulimi wake hauna shida. Mkewe humleta, humkalisha, humfuta mdomo, humrudisha. Wiki iliyopita tulimpa pedali ile ya mfano aliyoniachia fundi mwembamba. Akaitazama. Akaweka mguu. Sisi wengine huwa tunakanyaga kwa pupa, yeye alibonyeza kidogo, kama mtu anayeamsha injini ya zamani ambayo ni yeye tu anayeijua. Akaliondoa gari. Kona ya kwanza akaipata, ya pili akaipata. Ya tatu akaingia ukutani, na gari likapinduka magurudumu juu.

Akacheka. Kwa sauti, Maswali. Binti wa mazoezi akaacha kuimba. Kisha dereva akamgeukia mkewe akasema kitu. Maneno manne. Tuliyasikia sote. Mkewe akajibu, akatoka nje kwenye korido akasimama ameegemea ukuta, na mimi nikaenda kusimama naye.

Walichoambiana sikiandiki. Nilishika penseli, nikafika hapo, nikaiweka chini. Si kwamba wewe ni mtu mbaya. Ni kwamba karatasi nimeshaona inavyotembea.

Mwaka ujao nitakuwa nainuka kitini bila kushikwa. Hapo uje, si kuniuguza, uje kama mgeni. Utakaa kwenye kile kiti kando ya meza ya kukatia, tutachomoa kila kitu chenye taa, nitafunga mlango, nami nitakwambia alichosema.

Shangazi yako